Majina Aliyoazima Kafedha

Kila siku walipotoka shuleni, Kafedha na Mwikali walivua sare, wakachukua mitungi yao ya manjano na kwenda kupanga foleni kwenye kibanda cha maji. Kule Frere Town maji ya mfereji huja yanapotaka yenyewe, kwa hiyo foleni ile waliizoea kama walivyozoea foleni ya uji. Mitungi ikijaa walijitwika, wakaenda nyumbani kwa akina Kafedha, wakaketi barazani kumsaidia Hawe kukuna nazi.

Hawe alikuwa nyanya yake Kafedha, mzaa baba. Kwa Kigiriama nyanya ndiye hawe, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wasiokuwa Wagiriama. Yeye naye hakumwita mjukuu wake kwa jina. Alimwita wifi. Wageni walishangaa kumsikia ajuza akimwita mtoto wa Gredi ya Saba wifi, lakini sababu ilikuwa nyepesi. Kafedha alipewa jina la dada ya marehemu mume wa Hawe, na kwa desturi yao anayerithi jina hurithi na ndugu wa mwenye jina na utani wake.

"Wifi, nazi hiyo waikuna au waipapasa?" Hawe alizoea kumuuliza, na Mwikali alicheka mpaka machozi.

Mikono ikifanya kazi, midomo nayo haikulala. Hawe alikuwa na vitendawili kama bahari ilivyo na chumvi. Alitega kimoja: nimempanda mbuzi asiyekula majani, anakula nyama nyeupe tu. Kafedha alijibu kabla hakijaisha, maana mbuzi mwenyewe, yule wa kukunia nazi, alikuwa amemkalia. Akatega kingine: ndugu wote hulala kitanda kimoja, na anayeamka hufa kwa moto. Mwikali alifikiri, akauma mdomo, akasema kwa sauti ndogo kwamba labda ni njiti za kiberiti. Hawe akampigia makofi.

Mwikali alikuja Mombasa na mama yake kutoka Kitui akiwa Gredi ya Nne. Siku za kwanza, alipofungua kinywa darasani, wenzake waliangua kicheko kwa Kiswahili chake. Kafedha ndiye aliyemkalia karibu. Ndiye aliyemleta barazani kwa Hawe. Basi ukiuliza ni nani aliyemfundisha Mwikali vitendawili, Kafedha angekujibu hata usiku wa manane ukimwamsha.

Mama yake Mwikali alikuwa mpishi wa shughuli. Palipo na harusi, matanga au sherehe ya kanisa, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, akiweka picha za pilau, mbaazi za nazi na mahamri, na wateja walimwagizia papo hapo. Siku moja, kwa mchezo tu, alimrekodi mwanawe akitega kitendawili huku mahamri yakiumuka kwenye karai nyuma yake. Watu walikipenda kitendawili kuliko mahamri. Wakaomba kingine. Mwikali akatega kingine, na kingine tena, na kabla ya muhula kwisha video zake zilikuwa zimefika mbali kuliko Mwikali mwenyewe alivyowahi kufika.

Hapo ndipo donge lilipoanza kumkaa Kafedha rohoni.

Kwanza lilikuwa dogo. Mwalimu alionyesha kipande cha video moja darasani, na wale wale waliomcheka Mwikali zamani wakaanza kumwita Malkia wa Vitendawili. Kafedha alipiga makofi na wenzake, lakini viganja vyake havikutoa sauti. Siku nyingine walikwenda dukani kwa Mwanasaumu kununua sabuni. Mwanasaumu alimtambua Mwikali, akamwongezea peremende, akamsifu lafudhi. Kisha akamgeukia Kafedha na kumuuliza kama yeye ni mdogo wake. Kafedha alikuwa amemzidi Mwikali kwa urefu na kwa umri. Peremende aliyopewa na Mwikali njiani aliitupa mtaroni.

Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa nyumbani. Baba yake, Munga, alikuwa dereva wa lori, akisafirisha mizigo kutoka bandarini kwenda bara, na alikuwa amemnunulia Hawe simu nzuri ili waonane nyuso akiwa safarini. Hawe sasa alimwambia Kafedha amfungulie video za Mwikali. Alizitazama akicheka, akajipiga paja, akasema mtoto yule ana ulimi wa asali. Kafedha hakuweza kukaa. Kila mara video ikianza, alijisingizia kazi jikoni. Vile ni vitendawili vya nyanya yangu, alijiambia akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Mimi nilivijua kabla yake. Kwa nini asifiwe yeye?

Wivu ni mgeni asiyealikwa: unamlisha wewe, na anayekonda ni wewe. Kafedha alikonda kweli. Foleni ya maji aliiona ndefu, na kicheko cha rafiki yake alikiona kelele.

Jioni moja Hawe alipokwenda kumjulia hali jirani, Kafedha alichukua simu ile ili aandike neno moja tu chini ya video ya Mwikali. Kwa jina lake asingeweza, angejulikana. Alijua kwamba mtandao ule unamruhusu mtu kujiita apendavyo. Uliwakataza watoto wa umri wake, lakini hilo halikumzuia. Akajiongezea miaka hamsini kwa kidole kimoja.

Kisha akaulizwa jina. Hapo alikwama. Jina la mwenzake wa darasani lingeleta kesi. Akayakumbuka makaburi ya wazee wao. Kila Desemba familia yao huenda Kaloleni kwenye boma la zamani, na Hawe huwasimamisha wajukuu mbele ya makaburi wataje majina ya wazee mmoja mmoja. Babu yao Masha Munga alikuwa na ndugu watatu waliomfuata: Ruwa Munga, Lewa Munga na Kai Munga. Wote walikuwa wamekufa. Kafedha akaona ni majina mazuri ya kuazima, kwa sababu wenyewe hawawezi kuja kuyadai.

Ruwa Munga akaandika kwamba vitendawili vya msichana huyu ni vya wizi. Hakuna aliyejali. Mtu mmoja alimjibu, "Mzee, nenda kapumzike," wengine wakacheka.

Kicheko kile kilimwasha Kafedha kama upupu. Siku iliyofuata akamfungulia ukurasa Lewa Munga. Lewa akasema alikula pilau la mama wa msichana huyu harusini, akaharisha siku mbili. Kai Munga naye akaja akathibitisha kwamba hata yeye na mkewe waliumwa. Hayo watu hawakuyacheka. Walianza kuulizana. Mmoja alisema amesikia, mwingine alisema aliwahi kushuku. Kafedha alishangaa kuona uongo wake ukitembea kwa miguu ya watu wengine. Mwisho, kwa majina yote matatu, akabonyeza pale pa kulalamika kwamba ukurasa huu unahatarisha afya ya watu. Na wengi ambao hawajawahi kumwona Mama Mwikali, walioyasoma maneno yale na kuyaamini, nao wakabonyeza.

Wakaguzi wa mtandao wako mbali. Wengine ni watu, wengine ni mashine tu, nao hawakujua harufu ya jiko la Mama Mwikali. Walichokiona ni malalamiko yanayorundikana. Wakaufunga ukurasa wote: vitendawili, picha, na maagizo ya wateja yaliyokuwa ndani.

Kesho yake Mwikali alikuja kwenye foleni ya maji macho yamevimba. Alimweleza Kafedha kwa maneno mafupi. Akina mama wa kanisa walikuwa wamempa mama yake kazi ya kupika sherehe ya mavuno, kazi kubwa kuliko zote za mwaka ule, na wateja wengine walikuwa wakingoja waione sherehe hiyo nao wampe zao. Sasa akina mama wameyasoma maneno ya mtandaoni. Jumamosi watakutana kuamua kama watafute mpishi mwingine.

"Wakimnyima, tunarudi Kitui," Mwikali alisema. "Mama amesema mji bila kazi si wa kukaa."

Furaha ndogo ilimpita Kafedha moyoni, ndogo kama punje ya mchele, na papo hapo ikageuka baridi. Alikuwa ametaka Mwikali asisifiwe. Hakuwa ametaka aende. Aliubeba mtungi wake nyumbani, na siku hiyo ulikuwa mzito kuliko siku zote.

Jioni ile ile hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Mwikali, amejifunga leso vizuri kama mtu anayekwenda kwa wakwe, na Mwikali yuko nyuma yake. Kafedha aliwaona kupitia dirishani, akabaki ndani karibu na mlango, akisikiliza. Mama Mwikali alimwamkia Hawe, akaketi ukingoni mwa mkeka.

"Mama, nimekuja unisaidie," alisema. "Mimi ni mgeni hapa pwani. Kwa majina yao naona kuna wazee watatu wa kwenu nimewakosea, na siwajui. Nataka unipeleke kwao niwapigie magoti, niwaombe radhi."

Hawe alimuuliza ni wazee gani. Mama Mwikali alikuwa amehifadhi picha za maneno yale kwenye simu kabla ukurasa haujafungwa. Akasoma: Ruwa Munga amesema hivi, Lewa Munga amesema vile, Kai Munga ameongeza hili.

Hawe aliiweka nazi chini.

"Soma tena majina," alisema. "Polepole."

Mama Mwikali akayasoma tena. Kisha Hawe akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake, "Ruwa tulimzika mwaka wa mafuriko. Lewa alitutoka kabla simu hazijafika kwetu. Na Kai, Mungu amrehemu, hata redio aliiogopa. Hawa ni shemeji zangu, mwanangu. Pilau lako wamelila wapi?"

Mama Mwikali aliyatazama tena maneno kwenye simu. Akasema labda ni majina yamefanana tu.

"Majina hufanana," Hawe alikubali. "Lakini ndugu watatu wa baba mmoja, tena kwa mfuatano wa kuzaliwa kwao, hilo si la kufanana." Akageuza uso kuelekea mlangoni. "Wifi."

"Abee," Kafedha alijibu kwa shida.

"Njoo nje. Kaka zako wameamka. Njoo uwasikie wanayoyasema."

Kafedha angeweza kukana. Binamu zake pia waliyajua majina yale, na angeweza kuwasukumia wao. Lakini alipotoka alimkuta Mama Mwikali bado ameshika simu mkononi, mwanamke mzima aliyekuja tayari kuwapigia magoti watu wasiokuwapo.

"Ni mimi," alisema. "Niliandika mimi, kwa simu ya Hawe. Nisameheni."

Akaeleza yote, kuanzia makofi ya darasani mpaka peremende ya mtaroni, machozi yakimdondoka. Mama Mwikali alimtazama kama anayemtafuta mtoto mwingine aliyemjua. Mwikali ndiye aliyeuliza.

"Ulisema nimeiba. Kwani hukuwahi kuitazama video hata moja mpaka mwisho?"

Kafedha alitikisa kichwa. Hakuwahi.

"Kila moja mwishoni nasema, kitendawili hiki nimefunzwa na Hawe, barazani kwa rafiki yangu Kafedha. Kila moja." Mwikali akamshika mama yake mkono. "Twende, Mama."

Wakaondoka. Hawe hakumpiga, wala hakupaza sauti, na Kafedha aliona heri angepigwa.

"Nilikuwa nikicheka kwa furaha," Hawe alisema. "Mtoto wa watu alitutaja mbele ya dunia nzima. Wewe ulikuwa jikoni. Na wale wazee, wifi, walikuwa na makosa yao mengi, lakini hakuna aliyewahi kumsingizia mtu. Umewafanya waongo wakati hawawezi kuinuka wajitetee."

Usiku Kafedha alimwambia mama yake aliporudi kutoka kazini kwake kiwandani Changamwe, na baba yake akaelezwa kwa simu. Asubuhi alikwenda kwa Mama Mwikali peke yake, akamwamkia, akauliza afanye nini ili ayarudishe maneno yake. Mama Mwikali alikuwa bado na uchungu, lakini alikuwa mwenye haki. Alimwambia kwamba waliomsikia Ruwa, Lewa na Kai sasa wamsikie Kafedha.

Jumamosi akina mama wa kanisa walikutana ukumbini. Hawe alimsindikiza mjukuu wake mpaka mlangoni. "Mimi nitaketi nyuma," alimwambia. "Mdomo ni wako."

Kafedha alisimama mbele ya akina mama wale wote na vitambaa vyao vya kichwa. Wengine walishuhudia ubatizo wake akiwa mchanga, wengine walikuwa mama za wanafunzi wenzake. Mtandaoni alikuwa ameandika bila kuona uso wa mtu yeyote. Hapa nyuso zote zilikuwa zikimtazama yeye. Mwenyekiti, Mama Cindy, alimwambia aseme lililomleta.

"Mimi ndiye Ruwa Munga," Kafedha alianza. "Mimi ndiye Lewa, na mimi ndiye Kai. Hao ni babu zangu na wameshakufa. Hakuna aliyeumwa na chakula cha Mama Mwikali. Mimi nimekila mara nyingi, na kama ningeumwa ingekuwa kwa sababu nilikula sana. Niliandika kwa wivu. Naomba msimnyime kazi kwa ajili ya uongo wangu."

Mwanamke mmoja alicheka kidogo pale aliposema amekula sana, kisha akajifunika mdomo. Wengine walinong'onezana. Mama Cindy alimuuliza kama amefundishwa maneno hayo. Kafedha alijibu kwamba Hawe amemsindikiza, lakini maneno ni yake.

Mama Cindy alishusha pumzi. "Basi na mimi niseme langu. Mama huyu alipika matanga ya mume wangu, tukala, tukamshukuru. Juzi nikasoma maneno ya watu nisiowajua, nikawaamini wao, nikamwacha yeye ninayemjua. Hata sikujiuliza ni akina nani. Mtoto ana kosa lake, na sisi wakubwa tuna letu."

Hawakuchukua muda mrefu. Kazi ya sherehe ilibaki kwa Mama Mwikali.

Ukurasa ndio uliochelewa. Mwalimu aliketi na Mama Mwikali, wakawaandikia wakaguzi kuomba walitazame upya jambo lile. Kafedha naye, mama yake akiwa kando, alifungua kurasa zake tatu, akaandika katika kila moja kwamba malalamiko yalikuwa ya uongo, kisha akazifunga kabisa. Wakangoja. Kila siku Kafedha alipanga foleni ya maji peke yake, maana Mwikali sasa alikuja saa nyingine. Hatimaye majibu yakaja, ukurasa ukarudishwa. Wafuasi wengine hawakurudi, na kuna mteja mmoja ambaye Mama Mwikali hakumpata tena.

Siku ya sherehe ya mavuno, Kafedha aliomba kazi ya kuosha vyombo, akapewa. Waumini walipokwisha kula, alikuwa nyuma ya ukumbi akiikwaruza sufuria ya pilau iliyo kubwa kumshinda. Hawe alikuja akaketi karibu naye juu ya kreti ya soda, miguu ameinyoosha.

"Wivu si dhambi ya ajabu, wifi," alisema. "Humjia kila mtu. Mimi ukinijia nausema: fulani amenipita, na inaniuma. Ukiusema kwa aliye karibu nawe, hupungua. Wewe uliuficha, ukaupa majina ya watu wengine, ukakua. Neno usiloweza kulisema kwa jina lako na kwa uso wako, jua kwamba si neno la kusema. Na ukisoma la mtu asiye na uso, usiwe na haraka ya kuliamini, kwa sababu sasa wajua wewe mwenyewe linavyotengenezwa."

"Nimekusikia, Hawe," Kafedha alisema.

Mwikali alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo na rundo la sahani mikononi. Aliziweka chini, akakunja mikono ya gauni. Akaja akaichungulia sufuria ile, na ukoko ulioganda chini yake.

"Hii huiwezi peke yako," alisema. "Shika upande huo, nami nishike huku."